Dakika tano bila msindikizaji: Kumtambua na kumhudumia mke anayepigwa



Katika safu hii tumezoea kuzungumza juu ya maji ya kunywa, malaria, unyonyeshaji na usafi wa nyumba. Leo tunaangalia tatizo ambalo haliletwi na mbu wala maji machafu, lakini linafika hospitali kila siku likiwa limebandikwa jina jingine. Mgonjwa anasema ameanguka bafuni. Anasema amejigonga mlangoni. Anasema kichwa kinamuuma na hapati usingizi. Kumbe amepigwa na mumewe, na hakuna aliyemuuliza.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, katika zahanati niliyokuwa nikifanya kazi, alikuja mama kijana mwenye mimba ya miezi mitano. Mara ya kwanza alilalamikia kichwa, nikampa Panadol. Baada ya wiki mbili akarudi akisema tumbo linamwaka moto na moyo unamwenda mbio, nikamwandikia dawa za vidonda vya tumbo. Mara zote mbili alikuwa na wifi yake, na wifi ndiye aliyekuwa akijibu maswali. Mimi niliona ni msaada, kwa sababu mgonjwa mwenyewe alikuwa mkimya. Mara ya tatu alikuja mkono umevimba, na wifi akaeleza kuwa ameteleza kisimani. Nesi wetu, mtu mzima aliyekuwa amezalisha nusu ya watoto wa mtaa ule, akamwambia wifi: "Mwanangu, hebu nenda dirisha la malipo ukatuletee risiti." Dirisha la malipo lilikuwa na foleni, na nesi alilijua hilo. Mlango ulipofungwa akauliza swali moja tu, na yule mama akalia kwa muda mrefu kabla ya kujibu.

Ziara tatu! Mbili kati ya hizo nilikaa naye uso kwa uso na sikuona kitu.

Wala si jambo la nadra. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwaka 2005 matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi kadhaa, Tanzania ikiwemo. Miongoni mwa wanawake waliowahi kuwa na mume au mwenza, asilimia 41 jijini Dar es Salaam na asilimia 56 mkoani Mbeya walisema wamewahi kupigwa au kuingiliwa kwa nguvu naye. Kwa makadirio ya dunia nzima ambayo shirika hilo liliyatoa mwaka 2021, ni zaidi kidogo ya mmoja katika kila wanawake wanne wa umri wa miaka 15 hadi 49. Basi msomaji, ukikaa kwenye benchi la kliniki ya wajawazito ukawahesabu waliokaa nawe, piga hesabu mwenyewe.

Dalili zinazojificha

Mtu akianguka kweli, mara nyingi huumia viganja, magoti na viwiko, kwa sababu hutanguliza mikono. Anayepigwa huumia zaidi usoni, shingoni, kifuani, kwenye matiti na tumboni, yaani sehemu nyingi zinazofunikwa na nguo. Kuna pia alama za kujikinga: mtu akiinua mkono kuzuia fimbo isimfike usoni, unaopigwa ni ule mfupa wa chini ya kiwiko, upande wa kidole kidogo. Kofi la sikioni linaweza kutoboa ngoma ya sikio, na mgonjwa akaja siku chache baadaye akilalamika kuwa sikio linatoa maji au hasikii vizuri.

Mganga aangalie pia mwenendo wa maelezo. Je, jeraha linalingana na hadithi? Je, limetokea leo au wiki iliyopita, na kama ni wiki iliyopita, kwa nini amechelewa kuja? Je, kuna makovu mapya na ya zamani pamoja? Hapa nitoe tahadhari kidogo. Wapo wanaodai kuwa kwa kutazama rangi ya vilio vya damu, kama ni vyekundu, vya zambarau au vya kijani, wanaweza kutaja siku mtu alipopigwa. Haiwezekani kuwa na uhakika huo. Rangi hubadilika tofauti kwa kila mtu na kila sehemu ya mwili, na mganga anayeandika siku kwa kukisia rangi anaweza kuharibu ushahidi wa mgonjwa wake.

Lakini dalili nyingi hazionekani kwa macho. Ni maumivu ya kichwa yasiyoisha, maumivu ya chini ya kitovu ambayo vipimo havionyeshi sababu yake, kukosa usingizi, kushtuka ovyo, maambukizo ya njia ya mkojo yanayojirudia, mimba kutoka, kukosa hamu ya kula, hata mawazo ya kujiua. WHO ilieleza mwaka 2013 kuwa wanawake wanaofanyiwa ukatili na waume au wenza wao wanakaribia mara mbili ya wengine kwa kupata sonona, na uwezekano wao wa kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo ni mkubwa kwa asilimia 16.

Nyumbani kwetu dalili hizi hupewa tafsiri nyingine. Mke anashtuka usiku, anaanguka na kupoteza fahamu, hataki kuguswa. Wazee wanasema ana jini, anapelekwa kusomewa. Sipingi kisomo, Qur'an ni ponyo. Nasema tu kwamba anayemsomea naye amuulize kitu, na asimuulize mbele ya mume.

Kwa nini msindikizaji atoke

Kwa mwanamke anayedhibitiwa, kituo cha afya huenda ndiyo sehemu pekee anayoruhusiwa kwenda. Haendi sokoni peke yake, haendi kwao, simu yake inapekuliwa. Lakini mtoto akiumwa au mimba ikifika miezi kadhaa, atapelekwa kliniki. Kwa hiyo zile dakika tano au kumi za chumba cha daktari zina thamani kubwa, na zinapotea zote kama mume, mama mkwe au wifi amekaa kiti cha pili. Hata kama msindikizaji ni mtu mwema, mgonjwa hajui maneno yatafika wapi. Na mtoto aliyekwisha kujua kusema asiwepo, maana atayarudia nyumbani bila kujua anachofanya.

Bila shaka baadhi ya wasomaji wameshaanza kukunja uso: "Mke wangu aachwe peke yake chumbani na daktari mwanamume?" Hoja hiyo ni ya haki na ina jibu lake. Omba muuguzi mwanamke ndiye azungumze naye. Kama hayupo wa kumwona, daktari mwanamume akae na nesi mwanamke humo chumbani. Kinachotakiwa ni kwamba wa tatu awe mtumishi wa kituo mwenye kiapo cha kutunza siri, asiwe mtu wa nyumba ile ile. Hivyo hakuna faragha iliyokatazwa, na mgonjwa anapata nafasi ya kusema. Vilevile kama mgonjwa hajui Kiswahili vizuri, mkalimani asiwe ndugu wa mume.

Njia rahisi kwa kituo ni kuifanya iwe kanuni ya wote: kila mwanamke anayekuja kliniki huonwa kwanza peke yake, kisha msindikizaji huitwa. Ikiwa kanuni ni ya wote, hakuna mume atakayejiuliza kwa nini wa kwake ametengwa. Akina baba wanaokwenda kliniki na wake zao, na hili ni jambo jema tunalolihimiza, watoke wakae kwenye benchi bila kununa. Anayekataa kata kata kutoka kwa dakika tano amekwisha kumpa nesi sababu ya kutazama kwa makini zaidi.

Swali lenyewe

WHO katika mwongozo wake wa mwaka 2013 haikushauri kila mwanamke anayeingia hospitali aulizwe. Ilishauri aulizwe pale dalili zinapoonekana, mahali pa siri, na na mtu aliyefundishwa ambaye anajua la kufanya baada ya jibu. Kuuliza kisha kumwacha mtu hewani ni kumwongezea maumivu.

Swali lisiwe la kipolisi. Nesi niliyemtaja hakuuliza, "Nani kakupiga?" Aliuliza, "Mwanangu, nyumbani unaishi kwa amani, au kuna mtu unamwogopa?" Unaweza pia kuanza kwa mbali: "Akina mama wengi wanaokuja na maumivu kama yako huwa wana matatizo na waume zao. Wewe je?" Akikataa, usimshurutishe. Mwambie mlango uko wazi siku yoyote. Wengine hukataa mara mbili na kusema mara ya tatu.

Akikubali, kazi ya kwanza ni kusikiliza. Usitazame saa, usiandike huku umeinama, usimkatize. Mwambie kwamba unamwamini na kwamba kupigwa si kosa lake. Muulize anahitaji nini sasa hivi. Usiulize, "Ulimfanya nini?" Usimwambie, "Vumilia, ndoa ndivyo zilivyo," wala usimwamrishe, "Achana naye leo leo." Huo uamuzi ni wake, na yeye ndiye anayejua kama akitoka leo atapata pa kulala na watoto. Aidha, siku za kuondoka huwa ni za hatari zaidi kwa wanawake wengi, na haraka ya mshauri inaweza kumgharimu.

Kosa kubwa kuliko yote ni mganga mwenye nia njema kumwita mume na kumgombeza, au kuwakalisha wawili "wayamalize" pale pale. Mume atanyamaza hospitalini, na mke ataulizwa njiani.

Jambo jingine linalosahaulika ni daftari. Hospitali zetu nyingi mgonjwa hubeba mwenyewe daftari au kadi yake na kurudi nayo nyumbani. Ukiandika humo "amepigwa na mume", umempelekea mume taarifa. Maelezo kamili, kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe, na mchoro wa mwili unaoonyesha majeraha yako wapi na yana ukubwa gani, vibaki katika kumbukumbu za kituo zinazofungiwa. Na karatasi yenye namba za msaada usimpe kabla ya kumuuliza ataificha wapi.

Dalili za hatari ya kufa

Kitabu cha WHO cha mwaka 2014 kwa ajili ya watumishi wa afya kina maswali machache ya kupima hatari. Je, katika miezi sita iliyopita kipigo kimezidi au kimekuwa kikali zaidi? Je, amewahi kukutishia au kukushambulia kwa silaha? Je, amewahi kukukaba koo? Je, unaamini anaweza kukuua? Je, amewahi kukupiga ukiwa mjamzito? Je, ana wivu mkali wa kila wakati? Anayejibu "ndiyo" kwa matatu au zaidi yuko katika hatari kubwa, na asirudi nyumbani kabla ya kuzungumza naye atalala wapi usiku huo.

Nataka nisimame kidogo kwenye kukabwa koo, kwa sababu watu hulichukulia jepesi. Mwanamke aliyekabwa anaweza asiwe na alama yoyote shingoni. Tafuta sauti iliyokwaruza, maumivu ya kumeza, vidoa vyekundu kwenye weupe wa macho, au habari kwamba alipoteza fahamu au alijikojolea. Mishipa ya damu ya shingo inaweza kuwa imejeruhiwa ndani na kumletea kiharusi saa au siku kadhaa baadaye, na koo linaweza kuvimba polepole hadi kuziba pumzi. Huyu apelekwe hospitali kubwa hata kama anasema amepata nafuu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenza wake alikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara sita wa baadaye kuuawa, au kunusurika kuuawa, na mtu huyo huyo.

Mjamzito aliyepigwa tumboni naye asilale nyumbani kusubiri. Kondo la nyuma linaweza kubanduka kabla ya wakati, na damu ikajikusanya ndani bila kutoka nje. Tumbo likikakamaa, maumivu yakizidi, damu ikitoka au mtoto akipunguza kucheza, ni safari ya hospitali saa ile ile. Vivyo hivyo aliyepigwa kichwani akaanza kutapika, kusinzia au kuchanganyikiwa.

Aliyeingiliwa kwa nguvu awahi ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizo ya VVU zisipoanza ndani ya muda huo hazitolewi tena, na kadiri zinavyoanza mapema ndivyo bora. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba inaweza kutumika hadi siku tano. Asioge wala kufua nguo kabla ya kuonwa ikiwa anataka ushahidi uhifadhiwe. Hata kama ameshaoga, aende tu.

PF3 na mahali pa kukimbilia

Kwa Tanzania, majeraha ya kupigwa huandikiwa fomu ya polisi iitwayo PF3. Hutolewa kituo cha polisi, mganga huijaza, na mahakama huitumia. Wengi huogopa kwenda hospitali kwa sababu ya fomu hii. Anayetoka damu au anayeshindwa kupumua atibiwe kwanza, karatasi ifuate. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, ambako mara nyingi utampata askari mwanamke wa kukusikiliza. Baadhi ya hospitali, Bara na Zanzibar, zina vituo vya Mkono kwa Mkono ambapo mganga, polisi na ofisa ustawi wa jamii hupatikana sehemu moja, ili mgonjwa asirudie hadithi yake milango minne. Uliza mapokezi kama hospitali yenu inacho. Kenya fomu ya namna hiyo huitwa P3, na iko simu ya msaada namba 1195.

Na tusidanganyane kuhusu sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ya Tanzania Bara, kifungu cha 66, inatamka kuwa hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga, hata kama mila inasema vingine. Kenya ilipitisha mwaka 2015 sheria maalumu ya kuwalinda watu dhidi ya ukatili wa majumbani.

Je, ni kutoa siri ya ndoa?

Hili ndilo linalowafunga midomo dada zetu wengi: kwamba kusema ni kumvunjia mume sitara yake. Lakini tunasoma katika hadithi kwamba wanawake wengi walikwenda kwenye nyumba za Mtume (S.A.W.) kulalamikia waume zao kwa kupigwa. Hakuwarudisha kwa kuwaambia wametoa siri. Aliwasema wale wanaume, kwamba hao si wabora wenu. Na Fatima binti Qays alipotaka ushauri juu ya waliomposa, Mtume (S.A.W.) alimweleza waziwazi tabia ya mmoja wao ya fimbo. Mama Aisha (R.A.) amesimulia kuwa yeye Mtume hakupata kumpiga mwanamke wala mtumishi. Wahenga nao walisema mficha uchi hazai, na mficha maradhi kifo humuumbua.

Mashekhe na wazee wa usuluhishi nao wana nafasi yao. Suluhu ni ya watu wawili wanaoweza kusema bila hofu. Mmoja akiwa amekabwa koo juzi, kikao cha pamoja si suluhu. Asikilizwe peke yake kwanza, na atibiwe kabla ya kikao chochote.

Binti akikurudia usiku

Mzazi, binti akigonga mlango saa tano usiku na mdomo umevimba, usianze na maswali ya nani alianza. Mtazame anapumua vipi, anatoka damu wapi, ana mimba au hana. Usimkande kwa maji ya moto siku ya kwanza na ya pili, joto huongeza uvimbe. Tumia kitambaa cha maji baridi. Nguo alizovaa ziweke kwenye mfuko wa karatasi, usizifue. Asubuhi nenda naye hospitali, na ukifika huko, mama, wewe pia kaa nje kidogo. Huenda kuna analoogopa kulisema hata mbele yako.

Ambaye hajaamua kuondoka anaweza kujiandaa kimya kimya: nakala ya cheti cha ndoa na vya watoto, kadi ya kliniki, nauli kidogo na dawa anazotumia, viwe kwa jirani anayemwamini. Wakubaliane na jirani huyo neno la siri, kwa mfano kumtuma mtoto "aazime kinu", likiwa na maana ya kuita msaada. Ugomvi ukianza asikimbilie jikoni kwenye visu na moto, wala chumba kisicho na mlango wa pili.

Wapo pia wanaume wanaopigwa na wake zao na kuona haya kusema. Maswali ni hayo hayo, na chumba ni hicho hicho.

Yule mama wa zahanati yetu hakuondoka kwa mumewe siku ile. Aliomba jambo moja tu, kwamba baba yake mdogo ajulishwe, baba mzazi asijulishwe kwa sababu ya shinikizo la damu. Nesi akampigia kwa simu yake mwenyewe, kisha akaandika kwenye kadi: "Arudi baada ya siku tatu kuangaliwa mkono." Mkono haukuhitaji kuangaliwa siku ya tatu. Alirudi, na baba mdogo ndiye aliyemsindikiza, akakaa kwenye benchi nje bila kuambiwa.

Toleo lijalo, Insha Allah, tutaangalia watoto wanaoshuhudia kipigo nyumbani: kukojoa kitandani, kushuka darasani na namna ya kuwasaidia.

Wabillahi tawfiq.